Tisa kwa Sifuri: Chui wa 1974 na Golikipa Wetu wa Kibumba



Andiko hili limezaliwa na kicheko. Jumapili moja nilikuwa nyumbani Kibumba, nimesimama pembeni ya kiwanja chetu cha mawe meusi, vijana wetu wanacheza na timu iliyopanda kutoka Goma. Baridi ya kwetu mnaijua, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka upande wa volkano mpaka goli la mbali halionekani vizuri. Tulipofungwa goli la tano, muzee mmoja aliyekalia chukudu yake akapaza sauti: "Batoto, munatukumbusha Yugoslavia!" Wazee wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Vijana hawakuelewa. Mechi ilipoisha, mmoja akanifuata na kuniuliza: "Mukubwa, ile Yugoslavia ni timu ya wapi?"

Nikaanza kumjibu kwa kifupi, nikashindwa. Jibu lilikuwa refu, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba kile kicheko kilikuwa kinawaangukia watu ambao si wenyewe. Golikipa wetu siku ile alikuwa anachechemea, goti limevimba kama viazi viwili. Nitarudi kwake mwishoni, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Kwa wale wasiopajua: Kibumba iko kaskazini mwa Goma, kilomita zaidi ya 20 kwenye barabara ya Rutshuru, juu kuliko mji. Kabichi, karoti na viazi vinavyouzwa masoko ya Goma, vingi vinatoka kwetu, na vinashuka kwa chukudu. Kijana anayesukuma chukudu yenye magunia na kuirudisha mlimani hahitaji mtu wa kumfundisha pumzi wala miguu. Kwa hiyo ukiniambia vijana wetu walifungwa kwa sababu hawana nguvu, nitakuuliza kama umewahi kusukuma chukudu. Basi turudi kwa Yugoslavia.

Tuanzie 1966. Mobutu alikuwa ameshika nchi Novemba ya mwaka uliotangulia, na alitaka Kongo ijulikane. Ghana, ambao wakati ule ndio walikuwa wafalme wa mpira wa Afrika, wakaja Kinshasa wakatufunga 3-0 mbele yake. Badala ya kuwatukana wachezaji, serikali ilifanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa la akili: ilikaa ikajiuliza nini kinakosekana. Wachezaji wetu wengi wazuri walikuwa Ubelgiji, wakilipwa na klabu za huko. Wakaitwa warudi. Timu ikapewa jina la Léopards, yaani Chui. Akaletwa kocha Mhungaria, Ferenc Csanádi. Wachezaji wakapata muda wa kukaa pamoja na kuzoeana.

Matokeo hayakuchelewa. Januari 1968, kule Addis Ababa, mji ulio juu kuliko hata Kibumba yetu, Kongo ilichukua Kombe la Afrika kwa kuifunga Ghana, Ghana ileile, 1-0, kwa goli la Kalala. Klabu nazo zilikuwa moto. TP Englebert ya Lubumbashi ilikuwa bingwa wa Afrika 1967 na 1968. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 1973, Vita Club ya Kinshasa nayo ikachukua kombe hilo mbele ya Asante Kotoko, baada ya kufungwa 4-2 Ghana na kurudisha 3-0 nyumbani.

Mwezi uleule wa Desemba 1973, nchi ikiwa tayari inaitwa Zaire, tuliipiga Morocco 3-0 Kinshasa na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Kocha sasa alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia, golikipa wa zamani, ambaye miaka minne nyuma aliipeleka Morocco yenyewe kwenye Kombe la Dunia la Mexico. Machi 1974 Chui wakaenda Misri, wakachukua Kombe la Afrika kwa mara ya pili. Fainali dhidi ya Zambia ilichezwa mara mbili: tarehe 12 ikaisha 2-2, tarehe 14 ikarudiwa, tukashinda 2-0. Magoli yetu yote manne ya fainali hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale peke yake alifunga magoli 9. Hiyo ni rekodi, na nilipokuwa chuoni nilikutana na wanafunzi waliojua rekodi zote za Ronaldo lakini hawajawahi kusikia jina la Ndaye.

Waliporudi, Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari. Picha zilikuwa nzuri. Lakini jiulize kitu hapa, wewe uliyesoma usimamizi au uchumi: zawadi ni nini? Zawadi ni kitu ambacho mtoaji anaamua, leo anatoa, kesho anakataa. Si mshahara, si mkataba. Mchezaji hana karatasi ya kumwonyesha mtu. Kwa maoni yangu 9-0 ilianza siku ile ya furaha, siku ya kugawa funguo za magari, kwa sababu pale wachezaji walihesabiwa kuwa watoto wa baba mmoja na si wafanyakazi wenye haki yao.

Haya, Juni 1974, Ujerumani Magharibi. Tarehe 14, Dortmund, mechi ya kwanza na Scotland. Tulifungwa 2-0. Magoli yote mawili yaliingia kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili Chui hawakufungwa tena. Kwa timu ya mara ya kwanza, mbele ya wachezaji wa Leeds na Manchester, ile haikuwa aibu hata kidogo. Walioangalia walisema hawa watu wanajua mpira.

Siku nne baadaye, tarehe 18, Gelsenkirchen, ikawa 9-0.

Nini kinaweza kubadilisha timu ndani ya siku nne? Miguu ni ileile, kocha ni yuleyule, chakula ni kilekile. Ilunga Mwepu, beki wa timu ile, alikuja kueleza baada ya miaka mingi. Kati ya mechi mbili wachezaji waligundua kwamba pesa zao, zile tunazoita primi, hazipo. Viongozi waliofuatana na timu, na walikuwa wengi, ndio waliojua zimekwenda wapi. Wachezaji wakasema basi hatuchezi. Wakabembelezwa, wakasukumwa, wakaingia uwanjani, lakini vichwa vyao vilibaki hotelini.

Kilichofuata uwanjani ni kama somo la jinsi ya kutoongoza timu. Kufika dakika ya 18 ni 3-0. Dakika ya 21 golikipa Kazadi Mwamba akatolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi, na mara moja akaokota mpira wavuni. Kumtoa golikipa mapema vile bila jeraha ni kumvunja mtu mbele ya dunia nzima, na Vidinić, golikipa wa zamani, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Baadaye alieleza kwamba agizo lilitoka kwa mjumbe wa wizara ya michezo. Fikiria: mtu wa ofisi, amevaa suti, anabadilisha golikipa. Na kwa kuwa kocha alikuwa Myugoslavia, kuna waliomtuhumu kwamba anauza mechi kwa ndugu zake. Hivyo timu ilikuwa haina kocha tena. Ilikuwa na mshukiwa amekaa kwenye benchi.

Halafu likaja lile la kadi. Katika vurugu baada ya goli la nne refa alipigwa teke kwa nyuma. Mwepu alikiri baadaye kwamba ni yeye. Lakini refa alimtoa Ndaye Mulamba, mfungaji wa magoli 9 ya Misri, mtu ambaye hakufanya kitu. Hakusikilizwa. Tukabaki 10, bila mshambuliaji wetu, na mpaka mapumziko ilikuwa 6-0. Kipindi cha pili yakaongezeka matatu.

Mechi ya tatu ilikuwa na Brazil, tarehe 22. Kwa maelezo ya Mwepu, watu wa ulinzi wa rais walifika hotelini, wakawatoa waandishi wa habari, wakawaambia wachezaji: mkifungwa zaidi ya tatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Brazil nao walihitaji tatu ili wapite mbele ya Scotland. Ikafika 3-0. Dakika za mwisho Brazil wakapata mpira wa adhabu karibu na goli letu. Rivelino na wenzake wamesimama, wanapanga. Ghafla Mwepu akachomoka kwenye ukuta, akaupiga mpira mbali kabisa kabla Wabrazil hawajaugusa. Refa akampa kadi ya njano, na Wabrazil wakabaki wanashangaa.

Video ile mmeiona. Inazunguka kwenye simu kila Kombe la Dunia likikaribia, na maneno ya kejeli yanayosema Waafrika wa zamani hawakujua sheria. Mabingwa wa Afrika mara mbili, wasiojua mpira wa adhabu ni nini! Mwepu mwenyewe alieleza mara nyingi, ingawa maelezo yake hayakufanana kila mara. Mara alisema alikuwa anapoteza muda, kwa maana goli la nne lilikuwa na bei yake. Mara alisema alitaka atolewe, kwa nini aendelee kuumia kwa faida ya waliokaa jukwaani na pesa yake. Kwangu maelezo yote mawili yanakaa pamoja vizuri. Mtu mwenye hofu na hasira hafanyi jambo kwa sababu moja. Mechi ikaisha 3-0. Timu ikarudi nyumbani na magoli 14 ya kufungwa, bila hata moja la kufunga.

Sasa angalia miezi minne tu mbele, nchi ileile, serikali ileile. Kinshasa inaandaa pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kila bondia ameahidiwa dola milioni 5. Tarehe ilikuwa 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, kiwiko cha mwenzake kilimgonga. Kidonda kimoja. Na dunia nzima ikasimama: waandishi, televisheni, pesa zote zikasubiri mpaka 30 Oktoba ili ngozi ifunge. Waligombana kengele ya saa kumi usiku ili Wamarekani waone kwa wakati wao, na Ali akashinda raundi ya nane, baada ya kujiegemeza kwenye kamba na kumwacha Foreman ajichoshe mwenyewe.

Simwonei wivu Foreman kwa jicho lake. Nasema tu kwamba Zaire ilijua kutunza mwili wa mwanamichezo. Ilijua mkataba ni nini, ilijua jeraha linahitaji muda, ilijua pesa lazima iwepo kabla ya kengele. Wageni wawili walipata yote hayo. Wenyeji 22 waliotoka Ujerumani walipata kimya. Kwa hiyo yeyote anayesema "tulikuwa maskini, hatukuwa na uwezo", mwaka 1974 wenyewe unamkatalia.

Na haikuishia uwanjani. Mwaka 1994 Ndaye Mulamba alialikwa Tunisia wakati wa Kombe la Afrika, akapewa heshima kwa yale magoli 9. Aliporudi Zaire, watu wenye silaha waliamini amerudi na pesa. Wakamvamia, wakampiga risasi mguuni. Mguu wa mfungaji! Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town maisha ya mkimbizi, akilinda magari ya watu yakiwa yameegeshwa. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, zilifika habari kwamba amekufa, na uwanja mzima ukasimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea. Alikuwa hai. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg. Mwepu alikuwa ametangulia, Mei 2015.

Mwaka huohuo wa 1994, miezi michache baada ya Ndaye kupigwa risasi, watu wa Kibumba waliona wakimbizi kutoka Rwanda wakijaa kwenye mashamba yao kwa maelfu na maelfu, kambi imetandikwa juu ya mawe ya volkano, kipindupindu kinaua. Maji yaliletwa na malori, kwa sababu kwetu mvua inanyesha sana lakini ardhi ya lava inayameza yote. Hakuna mto, hakuna kisima cha kutegemea. Naleta habari hii kwa sababu mbili. Moja, tunajua maana ya kuishi kwa kusubiri kitu kitakacholetwa na mtu mwingine. Ya pili ni ya mpira kabisa: tatizo la maji halijaisha. Kijana wa Kibumba anacheza dakika 90 akiwa hajanywa kitu tangu asubuhi, kwa sababu dumu la nyumbani ni la kupikia. Baridi inamdanganya kwamba hana kiu. Halafu kipindi cha pili misuli inakaza, na sisi pembeni tunapiga kelele kwamba ni mvivu.

Nikizungumza afya ya wachezaji, kuna Mkongo mmoja ambaye kila mhitimu anayeendesha timu ya mtaa angepaswa kumjua. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa 1988. Baba yake alilazimika kukimbia nchi, na mtoto akamfuata Uingereza akiwa na miaka 11. Akawa mchezaji wa Bolton. Tarehe 17 Machi 2012, London, katikati ya mechi na Tottenham, alianguka bila kuguswa na mtu. Moyo ulikuwa umesimama. Madaktari wakaingia, wakaanza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, na daktari bingwa wa moyo aliyekuwa shabiki tu jukwaani, Andrew Deaner, akashuka kusaidia. Moyo wake haukufanya kazi yake kwa dakika 78. Ndiyo, 78. Na yuko hai. Agosti ya mwaka ule akaacha mpira kwa ushauri wa madaktari.

Wengi kwetu wanaisimulia habari hiyo kama muujiza, na mimi sikatai muujiza. Lakini angalia mikono: hakuna dakika hata moja ambayo hakukuwa na mtu aliyekuwa anabonyeza kile kifua. Kifaa cha kushtua moyo hatuna, na barabara ya kwenda hospitali mnaijua. Lakini mikono tunayo. Kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, ni kitu ambacho muuguzi yeyote wa kituo chetu cha afya anaweza kuwafundisha vijana 20 kwa mchana mmoja. Kwa nini timu inanunua jezi kwanza?

Kuna watakaosema mifano yangu yote ni ya Ulaya au ya wakati wa Mobutu. Sawa, tuje kwa Mazembe. Ile TP Englebert ya zamani ndiyo TP Mazembe. Moïse Katumbi alipoishika alifanya vitu ambavyo havina siri yoyote: mishahara inalipwa, wachezaji wanasafiri vizuri, kuna chuo cha kulea watoto, na kuanzia 2011 kuna uwanja wao wenyewe pale Kamalondo. Walichukua Ligi ya Mabingwa 2009 na 2010, na Desemba 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, baada ya kuwatoa Internacional ya Brazil 2-0. Inter ya Milan iliwafunga 3-0 kwenye fainali. Hakuna aliyewacheka. Vijana waliokuwa wadogo wakati ule wanakumbuka Kidiaba akirukaruka kwa makalio.

Kasoro ya Mazembe naiona pia. Ni pesa ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mwanasiasa. Hilo linafanana kidogo na zile funguo za magari. Lakini kuna tofauti moja kubwa: Katumbi alipotoka nchini 2016 kwa mambo ya siasa, klabu haikuanguka. Ilichukua Kombe la Shirikisho mwaka uleule na mwaka uliofuata. Maana yake kulikuwa na utaratibu uliobaki ofisini hata mwenye pesa alipokuwa mbali. Na ukitaka kujua kama Afrika ilijifunza kutoka 1974, kumbuka tu 2014: Ghana walilazimika kutuma ndege Brazil na zaidi ya dola milioni 3 taslimu ili wachezaji wakubali kucheza. Miaka 40 baadaye, hotelini, swali lilelile.

Mimi binafsi picha inayonigusa zaidi ni ya 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa unaimbwa, na wachezaji wa Kongo, pamoja na kocha wao Sébastien Desabre, wamefunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wameweka vidole kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema juu yetu, watu wa mashariki. Wakati ule wengi wa Kibumba walikuwa bado kwenye mahema tangu vita vya 2022, Kanyaruchinya na kwingine, na watoto wakicheza katikati ya mahema na mpira wa majani makavu ya migomba. Tulifungwa 1-0 usiku ule, na sikuona mtu aliyelia kwa ajili ya goli. Mwaka 1974 serikali iliwafunga wachezaji mdomo. Mwaka 2024 wachezaji wenyewe walifunga midomo yao, ili dunia isikie.

Sasa golikipa wetu. Sitamtaja jina. Mechi ile ya Jumapili ilikuwa na mfadhili, mtu mkubwa fulani aliyepita akaahidi pesa kwa timu itakayoshinda na nauli kwa zote mbili. Goti la kijana lilikuwa limeumia wiki mbili kabla, akishusha viazi. Ili asikose ile pesa, alinunua vidonge vya kutuliza maumivu kwenye duka la dawa, akameza viwili asubuhi na viwili kabla ya kuingia, bila kula, bila maji. Dawa zile hazitibu goti. Zinazima kelele yake tu, na mwili usio na maji unazilipia kwenye figo. Goli la tatu na la tano yalipita upande ambao hakuweza kuegemea. Jioni tulimsubiri mfadhili mpaka giza. Simu yake haikupatikana. Timu ya Goma walishuka kwa miguu mpaka walipopata lori.

Hayo ndiyo niliyomweleza yule kijana aliyeniuliza Yugoslavia ni timu ya wapi. Muzee wa chukudu alikuwa bado amekaa pale, anasikiliza, na nilipofika kwenye primi zisizolipwa aliacha kutabasamu. Alikuwa na miaka 20 mwaka 1974, akasema, walisikiliza mechi kwenye radio moja kijiji kizima, na hakuna aliyewaambia habari ya pesa. "Tuliambiwa bachezaji beko bavivu," akasema. "Na siye tukaamini."

Wiki iliyofuata tulikaa wachezaji 17, wazazi wachache, na mimi nikiwa mwandishi. Tumefungua daftari. Kila mechi madumu mawili ya maji yanafika kiwanjani kabla ya mpira, muzee amejitolea chukudu yake. Muuguzi atakuja Jumamosi. Mchezaji mwenye jeraha anakaa nje mpaka aweze kuchuchumaa na kuruka bila dawa, hata kama ni golikipa, hata kama ni fainali. Mtu akiahidi pesa, anaiweka kwa mtunza fedha kabla ya filimbi, na kiasi kinaandikwa mbele ya timu zote mbili. Kama hakuna pesa kwenye daftari, vijana wanaambiwa wazi kwamba wanacheza kwa furaha yao tu.

Tulibishana karibu saa nzima juu ya nani awe mtunza fedha. Mwishowe walimchagua golikipa, kwa kuwa kwa mwezi mzima hatakuwa na kazi nyingine uwanjani. Muzee akatoa franga 1,000, ya kwanza. Golikipa akaiandika, akahesabu tena, akaandika na tarehe.